Upande wa Shoto

Jumamosi, saa mbili asubuhi, mvua ya Pahoa
inapiga bati la ukumbi wa shule kama mtu anayedai chake.
Meza za chakula zimeunganishwa mbili mbili,
juu yake ndoo ya maji, vitambaa, visu butu,
na majani ya mkadi, makavu, marefu kuliko mimi,
yenye safu tatu za miba:
mbili ukingoni, moja mgongoni
kwa ajili ya wanaodhani wameshamaliza.

Nilidungwa kabla sijakaa.
"Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole,"
akasema Bi Uluwehi, na pole akanipa,
pamoja na plasta.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma.
Miaka ishirini na sita nimeunga mageti, matela, fremu za malori;
kitu kikikataa, nakitia moto.
Hapa kitu kikikataa
unakipangusa kwa kitambaa kibichi, unasubiri.
Kulia kwangu Mzee Tanimoto, mstaafu wa posta,
anapanga chane zake kana kwamba kila moja ina anwani.
Kushoto, Makanoe, miaka kumi na minne,
kaletwa na shangazi yake kwa nguvu,
na ndiye anayetushinda sote.

Kofia huanzia kitovuni.
Ndivyo wanavyopaita pale juu ya utosi,
chane za kwanza zinapopandana na kushikana.
Nilikianza kitovu mara tano.
Mara tano kikafumuka mikononi mwangu,
na Makanoe akageuza uso dirishani
ili acheke kwa adabu.

Wiki ya tatu nikaja na robota la mama.
Lilikuwa stoo, nyuma ya mtungi wa gesi:
majani aliyoyaviringa mwenyewe,
duara pana kama gurudumu la toroli,
mwaka ule kabla lava haijashuka
ikameza mkadi wetu, na uzio, na nusu ya barabara.
Sikutaka yasukwe. Nilitaka tu
mtu aniambie kama yamekufa.

Bi Uluwehi akayapitishia kitambaa cha maji.
Yakalegea. Yakatoa harufu
ya kabati lililofunguliwa na mtu mwingine.
Akalizungusha robota mara moja, mara ya pili,
akanitazama juu ya miwani:
"Mama alitumia mkono gani?"

Sikujua.
Nilijua kahawa yake, vijiko vitatu.
Nilijua kikohozi chake kwenye ngazi,
na jinsi alivyozima redio habari zikiwa katikati,
akasema, tumeshasikia.
Mkono gani, sikujua.

"Yameviringwa kinyume," akasema. "Huyu wa shoto.
Na wewe wa shoto, nilikuona ukitia sahihi daftarini.
Sasa mbona unasuka kama mimi?"

Kwa kuwa wewe ndiye mwalimu, nilitaka kusema.
Kwa kuwa mtu aliyechelewa huiga bila kuuliza.
Nikahamia ng'ambo ya meza,
tukaketi uso kwa uso, yeye kulia, mimi kushoto,
mtu na kioo chake,
na kitovu kikashika.

Hakikuwa kizuri. Kilishika tu.

Sharti la ukumbi huu ni moja:
kazi ya kwanza haikai na aliyeisuka.
Yangu ilichukua wiki kumi na moja.
Ukingo wake una wimbi, upande mmoja umelegea
pale nilipokuwa nikizungumza.
Nikampa Mzee Tanimoto, mwenye kichwa kikubwa;
ikakaa juu juu kama kifuniko cha sufuria ya jirani.
Anaivaa. Hata ndani ya nyumba, anasema mkewe.

Robota limebaki nusu.
Jana usiku nililifungua, nikalipangusa,
nikaliviringa upya mezani peke yangu,
bila kufikiri mkono uende wapi.
Nilipomaliza nikalinyanyua kwenye taa
nikatazama limekwenda upande gani.